Jenereta Haina Kilomita, Ina Masaa: Kwa Nini Uifunge Mita, na Vipi

Mtu akienda kununua gari lililotumika, hata kabla ya kuuliza bei ataingiza kichwa dirishani atazame kilomita. Mtu huyo huyo akienda kununua jenereta iliyotumika hutazama rangi. Rangi ikiwa bado inang'aa na stika hazijabanduka, ataambiwa, "Hii imetumika kidogo sana, ami, ilikuwa ya dharura tu," naye atalipa. Hana njia ya kujua kama dharura hiyo ilikuwa ya usiku mmoja au ya miaka mitatu ya kuendesha friji za samaki.

Hapa pwani jenereta si kitu cha kifahari tena. Ule mwaka wa 2023, nchi nzima ilipoingia gizani mwezi wa Agosti, kisha Novemba, kisha Disemba, waliokuwa na uwezo walikimbilia madukani. Mashine zile sasa zinazunguka mitaani. Leo iko harusini, kesho iko kwenye hitima, kesho kutwa imeazimwa na jirani mwenye duka la barafu. Zina umri, lakini hakuna aujuaye umri wenyewe. Ninalotaka kueleza ni kifaa kidogo kisichozidi kiberiti viwili kwa ukubwa, kinachohesabu muda ambao injini imeunguruma. Wenye mashua kubwa na wenye matingatinga wanakijua siku nyingi. Sisi wa jenereta za kubeba mkononi ndio tumechelewa.

Kwanza neno lenyewe. Walimu wetu wa Kiswahili hawapendi "masaa". Watakwambia saa haina wingi. Nawaheshimu, lakini kwa jambo hili nitawaasi. Kijana akikutumia ujumbe kwamba "nimeiwasha saa mbili", hujui kama aliiwasha wakati wa isha au kama imekwenda kwa muda wa saa mbili. Ukisikia "masaa mawili" hapana mjadala. Kwa hivyo katika makala haya masaa ni muda, na saa ni ile ya ukutani.

Sasa, kwa nini masaa? Kwa sababu injini ya jenereta haiendi popote, lakini haipumziki. Stima yetu ya Kenya ni ya volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde, na ili jenereta ya kawaida ya petroli itoe mizunguko hiyo, injini yake lazima izunguke mara 3,000 kila dakika. Piga hesabu: ni mara 180,000 kwa saa moja. Ndani yake mna kifaa kinachoushikilia mwendo huo usipande wala kushuka. Mafundi hukiita gavana, wala hakina uhusiano wowote na kaunti. Mzigo ukiongezeka hufungua petroli, ukipungua hubana. Ukiiwasha kwa ajili ya taa moja tu na kuchaji simu, injini inazunguka mara zile zile 3,000. Zile jenereta za kisasa zilizofunikwa bodi nzima, zenye inveta, hizo hupunguza mwendo mzigo ukiwa mdogo, lakini ndizo chache mitaani kwetu kwa sababu ya bei.

Linganisha na gari. Gari likienda kilomita 60 kwa saa kwa masaa 100, limekwenda kilomita 6,000. Hapo mwenye gari ameshafikiria kubadilisha oili. Gari lenyewe lina oili lita tatu, nne au zaidi, lina pampu ya kuisukuma na lina chujio la kuisafisha. Jenereta ndogo ya kilowati mbili na kitu ina oili kama nusu lita na ziada kidogo. Nyingi hazina chujio la oili wala pampu. Mna kijiko kidogo cha chuma kinachoichota na kuirusha juu ya vyuma vinavyosuguana. Uchafu wote unaozaliwa humo unabaki humo mpaka mtu aumwage.

Ndiyo maana vitabu vinavyokuja na mashine hizi huzungumza kwa masaa. Kwa nyingi ya zile zenye oili yake mbali na petroli, mpango huwa hivi: oili ya kwanza imwagwe baada ya masaa 20 au mwezi mmoja, kwa sababu injini mpya hutoa unga wa chuma vyuma vikizoeana. Baada ya hapo, kila masaa 100 au miezi sita, lipi litatangulia. Chujio la hewa lisafishwe kila masaa 50, na plagi itazamwe kila masaa 100. Valvu zipimwe ifikapo masaa 300, na hiyo ni kazi ya fundi. Soma kitabu cha mashine yako, kwani tarakimu hutofautiana, lakini hazitofautiani mno. Na kitabu hicho hicho kitakwambia kwamba penye vumbi jingi ufanye mapema zaidi. Anayeendesha jenereta kando ya barabara ya mchanga huko bara ya Kilifi au kwenye uwanja wa sherehe ambapo watu wanacheza, ajihesabu yuko penye vumbi jingi.

Zile ndogo za kuchanganya oili na petroli hazina oili ya kumwaga, lakini plagi zake na ekzosi zake hujaa masizi, na masizi nayo huenda kwa masaa.

Tatizo letu ni yale maneno "au miezi sita". Tumeyashika hayo tukaacha ya mwanzo, kwa kuwa miezi ina kalenda na masaa hayana. Kwa mtu ambaye jenereta yake hulala stoo na kuwashwa stima ikipotea, miezi sita ni sawa. Kwa mwenye kukodisha, si sawa hata kidogo. Nitarudi kwenye hesabu yake.

Mita za masaa ziko za aina nne hivi, na wengi hununua isiyofaa kwa sababu muuzaji mwenyewe hajui tofauti.

Aina ya kwanza husikia cheche. Ina waya mmoja mrefu ambao unauzungusha kwenye kebo nene ya plagi. Kila plagi inapopiga cheche, waya ule unapata mtikiso mdogo wa umeme kupitia mpira wa kebo bila kugusana na kitu, na mita inajua injini iko hai. Betri yake imezibwa ndani. Haihitaji stima ya jenereta, haihitaji kukata waya wowote, na mtu ambaye hajawahi kushika spana anaweza kuifunga. Kwa jenereta ya petroli ya kubeba, hii ndiyo ninayoipendekeza. Kwa dizeli haifai kabisa. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche, na mita hii itakaa kimya hata ukiizungushia waya kilomita moja.

Ya pili huunganishwa kwenye stima yenyewe inayotoka, ile ya volti 240, na huhesabu muda wote ambao stima ipo. Ni nzuri kwa jenereta kubwa zenye kabati la swichi, na hapo aifunge fundi wa stima. Ila ukiona ile ya zamani, yenye tarakimu za kuzunguka kama za mita ya maji, tazama maandishi yake. Nyingine zinaendeshwa na mota ndogo inayofuata mizunguko ya stima. Ile iliyotengenezwa kwa stima ya Marekani ya mizunguko 60, ukiifunga kwetu kwenye mizunguko 50, itakuhesabia dakika 50 kila saa nzima inayopita. Masaa 120 ya kweli yataonekana 100. Mwenye kununua mashine atafurahi, na injini italia.

Ya tatu ni ya betri, volti 12, kwa mashine zenye swichi ya funguo. Inafaa dizeli. Sharti moja: waya wake utoke baada ya swichi, si moja kwa moja kwenye betri. Ukitoka kwenye betri mita itahesabu mchana na usiku jenereta ikiwa imelala, na baada ya mwaka itakwambia masaa 8,760, ambayo ndiyo masaa yote ya mwaka mzima. Nimeiona moja hivyo kwenye mashine iliyokuwa inauzwa, na mnunuzi alikimbia akidhani imechakaa.

Ya nne hubandikwa tu na husikia mtetemo. Usihangaike nayo. Ukiipakia jenereta kwenye pikapiki ya mizigo, mita itahesabu safari.

Sasa kuifunga ile ya cheche. Zima jenereta, iache ipoe, kisha vua kofia ya plagi ili hata mtu akivuta kamba kwa utani isiwake. Usafishe mahali unapotaka mita ikae kwa kitambaa na spiriti. Mahali pazuri ni kwenye fremu ya bomba au kwenye paneli ya soketi, upande ulio mbali na ekzosi. Usiifunge kwenye injini yenyewe. Joto na mtikisiko vitaiua mapema. Wengi huja na gundi ya pande mbili nyuma ya mita. Gundi hiyo kwa joto letu la mwezi wa Februari haikai. Toboa matundu mawili madogo, au kama hutaki kutoboa, funga kwa zile kamba za plastiki za kukaza.

Kisha uongoze waya mpaka kwenye kebo ya plagi. Usiupitishe karibu na ekzosi, wala karibu na kile kikombe cha kamba ya kuwashia, kwa sababu nyuma yake kuna feni na sumaku kubwa inayozunguka, na waya ukidakwa umekwisha. Ukifika kwenye kebo, uzungushe waya juu ya mpira wake mara nne au tano, ukiubana vizuri. Usichune kebo wala usitoboe mpira. Umeme unaopita humo ni wa maelfu ya volti, na ukishauonja hutausahau. Ukizungusha mara nyingi mno, mita husikia mpaka mwangwi na huanza kukupa tarakimu za ajabu, kwa hivyo anza na nne. Funga kwa tepu ya umeme, halafu kamba ya plastiki kila upande, ukate mkia uliobaki. Mita nyingine zina waya wa pili, ule mafundi wauitao athi, wa kubanwa chini ya bolti iliyo kwenye chuma cha injini. Ukwangue rangi chini ya bolti hiyo mpaka uone chuma, la sivyo umefunga waya kwenye rangi.

Rudisha kofia ya plagi, washa. Kwenye kioo cha mita alama ndogo itaanza kumeta, maana yake inahesabu. Kazi yote haizidi nusu saa, na robo yake ni kutafuta bisibisi.

Mita nyingi za aina hii huonyesha pia mwendo wa injini, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Ndani yake mna mpangilio wa kuiambia cheche ngapi hupigwa kwa kila mzunguko. Injini nyingi ndogo zenye silinda moja zina sumaku kwenye gurudumu, na kila sumaku inapopita mbele ya koili, cheche inapigwa, hata pale ambapo injini haiihitaji. Ni cheche moja kwa mzunguko mmoja, nako kwenye mita huandikwa 1P1R. Ukiona mita inasema injini inakwenda 6,000 au 1,500, injini haina kosa, ni mpangilio wa mita. Masaa yatahesabiwa sawa hata hivyo. Lakini ukishaupata sawa umepata faida ya pili bila kulipa. Gawanya mwendo kwa 60 na utajua mizunguko ya stima unayowapa watu. 3,000 ni 50. Ikiwa mashine haina mzigo itapanda kidogo juu ya hapo, na ukiiwekea mzigo itashuka kidogo. Hiyo ni tabia yake. Ikishuka mpaka 2,700 na kubaki hapo, unatoa mizunguko 45, na mota za feni na friji za watu zinaumia. Punguza mzigo au uitwe fundi atazame gavana.

Na kuhusu chumvi, sisi hatufanani na mtu wa Nakuru. Skurubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Bolti ya ule waya wa athi, ukishaikaza, ipake grisi au hata vaselini. Kama mita ina tundu ambapo waya unaingia, litie silikoni. Hewa ya bahari huingia penye upenyo wowote, na mita inayokufa hapa kwetu aghalabu haifi kwa uchakavu, hufa kwa kutu ya kijani ndani ya waya.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike haya, ambalo si injini hasa.

Mtaani kwetu, Mji wa Kale, tuko watu kumi na mmoja tulionunua jenereta ya kilowati mbili na nusu kwa michango. Makubaliano yalikuwa mepesi. Mwanachama akifiwa au akioza hutumia bure akajaza petroli tu, na mtu wa nje hukodi, petroli ikiwa juu ya kikundi na imo ndani ya bei. Kijana mmoja, mtoto wa mwenzetu marehemu, ndiye aliyekabidhiwa kuibeba, kuiwasha na kununua petroli, na hurudishiwa pesa zake kwa risiti. Kwa mwaka mzima mambo yalikwenda. Kisha minong'ono ikaanza. Mzee mmoja, mtu wa hesabu, alikaa na risiti akasema kijana anakunywa petroli. Hoja yake ilikuwa hii: usiku wa kupamba huanza saa tatu na kwisha saa saba, ni masaa manne. Jenereta hii, alivyoambiwa dukani, inakula lita moja kwa saa. Basi ni lita nne. Kijana analeta risiti ya lita kumi. Lita sita ziko wapi?

Chukua petroli kwa shilingi 180 kwa mfano tu, maana bei yetu hubadilika kila tarehe 14 EPRA inapotangaza. Ni shilingi 1,080 kwa usiku mmoja. Zidisha kwa harusi za mfungo mosi. Tayari mnaongea habari ya mtu kuitwa mwizi, na mtu huyo mama yake ni mjane na anaishi nyumba ya tatu kutoka msikitini. Kijana aliposikia alileta funguo za stoo kwa mzee akaziweka mezani. "Mzee, amana yenu hii. Mimi sitaki tena." Wengine wakataka jenereta iuzwe na kila mtu achukue chake.

Mimi nilikuwa na mita nimenunua kwa ajili ya mashine ya nyumbani. Bei yake ilikuwa chini ya kujaza tangi la lita 15. Nikawaomba wakubwa zangu wasubiri harusi moja, nikaifunga kwenye ya kikundi. Tukajaza tangi mpaka shingoni mbele ya watu wanne, mzee mwenyewe akiwemo, na mita ikaonyesha 0.2 kwa kule kuijaribu. Jenereta ikaenda ikarudi. Asubuhi tukatazama: 7.7. Tukajaza tena kwa chupa iliyopimwa mpaka shingoni pale pale. Iliingia lita 9 na robo tatu.

Masaa saba na nusu, si manne. Ilielezeka kwa urahisi tu. Mafundi wa hema na taa huiwasha alasiri ili wajaribu balbu na spika, na baada ya wageni kuondoka inabaki inawaka mpaka viti vya mwisho vipakiwe. Saa tatu hadi saa saba ni muda wa sherehe kwenye kadi ya mwaliko. Na lita 9.75 ukizigawa kwa masaa 7.5 unapata lita 1.3 kwa saa, si lita moja. Spika na mafeni makubwa hayali kama taa. Kijana alikuwa akituletea risiti ya kile kilichoingia kwenye tangi.

Mzee alimwita, akasema naye faraghani, na yaliyosemwa humo si yangu kuyaandika. Funguo zilirudi kwa kijana.

Napenda kusema hapa maoni yangu, na msomaji ana haki ya kuyakataa. Sisi watu wa pwani tunaona haya kuhesabiana. Tukishirikiana mali, kupima huonekana kama kutoaminiana, kwa hivyo hatupimi, na kwa kuwa hatupimi tunakisia, na kisio la mtu mwenye hasira huwa ni dhuluma. Kijana yule hakuwa na chochote cha kujitetea isipokuwa neno lake. Mita ile ingekuwepo tangu siku ya kwanza, mzee angegawanya, angeona 1.3, angenyamaza. Nasikia wengine wakisema mita inafungwa ili kumchunga anayeshika mashine. Kwa niliyoyaona, inamlinda.

Imebadilisha na bei. Zamani tulikodisha "kwa usiku". Sasa mteja hulipia masaa sita, na yanayozidi hulipiwa yanavyozidi, kwa sababu tumejua ni kiasi gani kila saa inatugharimu: petroli lita 1.3, na sehemu ya oili, plagi na kuchakaa. Na ile hesabu niliyoiahidi ni hii. Kwa wastani wa masaa saba na nusu kila shughuli, masaa 100 yanafika katika shughuli kumi na tatu. Msimu wa harusi ukikolea, hiyo ni miezi miwili, wala si sita. Tulikuwa tukingoja miezi sita kama kitabu kinavyosema, tena tukijiona wenye nidhamu.

Yako mambo madogo ya kuzingatia katika kuisoma. Mita nyingi huonyesha nukta, na tarakimu baada ya nukta ni sehemu ya kumi ya saa, yaani dakika sita. 7.5 ni masaa saba na dakika thelathini, si saba na dakika tano. Nyingine huonyesha masaa na dakika kwa alama mbili kama saa ya simu. Jueni yenu ni ipi kabla hamjagombana na mteja. Mashine ikitoka, piga picha ya mita. Ikirudi, piga nyingine. Zote mbili zitupwe kwenye kundi la WhatsApp hapo hapo. Daftari pia liwepo, kwa wale ambao simu zao huibiwa kila mwaka.

Unaponunua, muulize muuzaji kama jumla ya masaa inaweza kufutwa. Mita nzuri ina hesabu mbili. Jumla haifutiki, na ya pili ni ya huduma, hiyo unairudisha sifuri kila ukibadilisha oili. Ziko za bei rahisi ambazo ukikandamiza kitufe kwa muda kidogo kila kitu kinapotea, na hizo kwa mali ya ushirika hazifai. Anayetaka kudanganya pia anaweza kuufungua waya kwenye kebo. Dawa yake ni rangi ya kucha. Paka mstari mmoja unaovuka tepu na kebo kwa pamoja. Ikifunguliwa mstari hautakutana tena. Binti yangu ndiye aliyetoa rangi, na ndiye aliyechagua iwe ya zambarau.

Mita haitakwambia kila kitu. Saa moja ya kuendesha pampu ya kisima na saa moja ya kuwasha balbu zote ni saa moja kwake, ingawa kwa silinda si sawa. Haijui kama oili imepungua. Fimbo ya oili itazamwe kila kabla ya kuwasha, mita ipo au haipo. Wala haijui imewekwa wapi. Jenereta ya ndani ya chumba au ya chini ya dirisha huua watu kwa moshi usio na harufu, na hilo halingoji masaa 100.

Kwa mashine kuukuu, mita huanza sifuri na mashine haikuanza sifuri. Usijisumbue kukisia miaka iliyopita. Badilisha oili, safisha chujio, weka plagi mpya, kisha uandike kwenye fremu kwa kalamu ya rangi: mita imefungwa tarehe kadhaa, mashine ikiwa imeshatumika. Atakayeinunua kwako kesho atajua ameuziwa nini. Na betri ya ndani ya mita ikifika mwisho baada ya miaka, kioo kitafifia polepole. Usingoje kizime. Nakili jumla pale kwenye fremu, chini ya ile tarehe ya kwanza, ndipo ufunge mita mpya, na kuanzia hapo mtajumlisha mbili.